Kitufe cha rimoti cha pikipiki kinafungua geti la Moshi, la Njiro linakataa

Mwanandia (Njiro, Arusha)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu kuhusu jambo ambalo mafundi wa pikipiki wananirudisha kwa mafundi wa mageti, na mafundi wa mageti wananirudisha kwa mafundi wa pikipiki.

Nina pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambayo iliingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Upande wa kushoto wa dashibodi ina vitufe vitatu vilivyojengewa humo kiwandani kwa ajili ya kufungulia milango ya gereji, pamoja na kitaa kidogo chekundu kinachowaka unapobonyeza. Ni kitu chenye manufaa ya kweli. Mtu aliyefika nyumbani kwenye mvua za Aprili, akiwa amevaa glavu na koti la mvua, huku amekanyaga tope na kuishikilia pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo mia tatu, anajua kwamba kupekua mfukoni kutafuta rimoti ni njia ya kuiangusha.

Kwa mama yangu Moshi, eneo la Shanty Town, kuna geti la zamani la kuteleza, na rimoti yake kwa ndani ina safu ya vijiswichi kumi vyeupe vya kupandisha na kushusha. Nilifuata kitabu cha maelekezo: nilishikilia vitufe viwili vya pembeni mpaka kumbukumbu ikafutika, nikasogeza rimoti ya mkononi hadi sentimita chache kutoka kwenye kitufe cha kwanza, nikabonyeza vyote viwili kwa pamoja bila kuachia, kitaa kikapepesa polepole kisha kikaanza kupepesa haraka. Tangu hapo geti la mama linafunguka bila shida.

Nyumbani Njiro mota ni ya miaka ya karibuni. Nimefuata hatua zilezile kwa kitufe cha pili, kitaa kinapepesa haraka vilevile, lakini nikibonyeza geti halishtuki. Rimoti za mkononi za geti hilo zinafanya kazi, ingawa usiku inatubidi tusogee karibu sana ndipo lifunguke, hata zikiwekwa betri mpya. Fundi mmoja amependekeza tubadilishe bodi nzima ya mota. Kabla sijaingia gharama hiyo, naomba kujua ugonjwa uko upande gani, wa pikipiki au wa geti.

FundiGeti_Sakina

Ndugu Mwanandia, pole kwa usumbufu. Bodi hiyo isiguswe kwanza, kwa sababu maelezo yako ya Moshi yameshamaliza nusu ya uchunguzi. Kitufe kinachofungua geti la mama kinapata umeme, kinarusha mawimbi na kinaweza kujifunza rimoti, kwa hiyo pikipiki ni nzima. Mota ya Njiro inayotii rimoti zake nayo ni nzima. Vinachokosa ni kuelewana, na kuelewana kwa vifaa hivi kunategemea masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi ya redio) na msimbo (namba ambayo rimoti huirusha ili geti liitambue).

Nianze na masafa kwa kuwa ni rahisi kuyathibitisha. Milango ya gereji ya Marekani hutumia zaidi masafa ya kati ya megahezi 300 na 390, wakati mageti mengi tunayofunga huku kwetu hutumia megahezi 433.92. Fungua rimoti ya Njiro kwa bisibisi ndogo, toa bodi yake, kisha utafute kijikopo cha bati kinachong'aa. Mara nyingi juu yake huwa kimechapwa R433 au R315, na hapo utakuwa umepata jibu bila kipimo chochote. Vitufe vya namna ya chako, kwa mfano vya mfumo wa HomeLink, kwa kawaida hufika mpaka 433, na ninaamini ndiyo maana kitaa kilipepesa haraka: kiliisikia rimoti. Ingekuwa ni mota ya megahezi 868, kama baadhi ya zile za Ulaya, kitufe cha soko la Marekani kisingesikia kitu.

Kwenye msimbo ndiko ninakoona tatizo. Rimoti ya vijiswichi hurusha msimbo uleule kila unapobonyeza, leo na mwakani. Vijiswichi kumi vya juu na chini hutoa misimbo 1,024 tu, kwa hiyo kujifunza mmoja wapo ni kazi nyepesi. Rimoti za kisasa hubadilisha msimbo kila mara. Mfumo mmoja uliotumika sana ni KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995. Katika chipu yake ya HCS301 kila mrusho una biti 66, yaani tarakimu 66 za 0 na 1. Kati ya hizo, 32 hufichwa kwa ufunguo wa siri, na humo ndimo ilimo hesabu inayopanda kila kitufe kinapobonyezwa. Risiva ya geti, yaani kipokezi cha mawimbi, huikumbuka hesabu ya mwisho iliyoikubali, na ikiletewa iliyokwisha kupita hukaa kimya. Kuunakili mrusho mmoja na kuurudia ni sawa na kumpa kondakta tiketi iliyokwisha kuchanwa.

Sasa naomba utuambie jambo moja. Ukibonyeza kitufe cha pili cha pikipiki leo, kitaa kinawaka mfululizo, au kinapepesa haraka kwa sekunde mbili hivi kisha kinatulia? Kikipepesa kisha kikatulia, maana yake kimeutambua msimbo unaobadilika na imebaki hatua ya pili: unabonyeza kitufe cha kusajili rimoti kwenye bodi ya mota, halafu ndani ya nusu dakika hivi unabonyeza kitufe cha pikipiki mara mbili au tatu. Hatua hii wengi huiruka, kwa sababu rimoti za vijiswichi haziihitaji. Kikiwaka mfululizo, kimeuchukulia msimbo kama usiobadilika, na dawa yake ni nyingine.

KijanaWaMoshono

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ningeshauri njia fupi zaidi. Kuna rimoti tupu za kunakilia, zenye vitufe vinne, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini kwa bei ndogo. Anunue moja, ainakili rimoti ya nyumbani, aibandike kwenye usukani karibu na kioo, aachane na vile vitufe vya kiwandani.

MwalimuUmeme_Rau (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Ushauri wako ungefaa kwa geti la Shanty Town, lakini kwa la Njiro ungemgharimu bila faida, kwa sababu rimoti nyingi za bei hiyo hunakili misimbo isiyobadilika tu. Kwa msimbo unaobadilika hukamata mrusho mmoja uliokwisha kutumika, na Fundi ameshaeleza risiva hufanya nini ikiletewa kitu cha namna hiyo.

Ndugu Mwanandia, katika maelezo yako kuna sentensi ambayo bado haijajibiwa, nayo ni ile ya usiku. Mawimbi ya megahezi 433 hayabadiliki jua likizama kiasi cha mtu kuona tofauti getini kwake. Kinachobadilika usiku ni taa. Je, kwenye nguzo ya geti au karibu na mota kuna taa ya LED inayojiwasha jioni? Taa nyingi za bei nafuu zina kisambaza umeme kidogo ndani yake ambacho hukatakata umeme kwa kasi kubwa na kutoa kelele ya redio. Kelele hiyo huizamisha rimoti, ambayo nguvu yake ni ndogo sana, na umbali unaopungua ndiyo dalili yake ya kwanza. Fanya jaribio hili leo usiku: pima kwa hatua umbali ambao rimoti inafanya kazi taa ikiwa imewaka, kisha uizime kwenye swichi yake na upime tena ukiwa na rimoti ileile.

Jambo hili linaihusu pikipiki moja kwa moja. Hata ukifanikiwa kusajili kitufe, usiku utakuwa unakibonyeza ukiwa barabarani na geti halitasikia, kisha utarudi hapa kusema kwamba dawa ya Fundi haikufaa.

Mwanandia

Nawashukuru sana. Nimefanya yote mliyoagiza na majibu nayaleta hapa.

Kijikopo cha bati kwenye rimoti ya Njiro kimeandikwa R433A. Kitaa cha pikipiki kinawaka mfululizo kwa vitufe vyote viwili, cha Moshi na cha Njiro, bila kupepesa hata kidogo. Hata hivyo nilifungua kifuniko cha mota nikajaribu kukisajili kitufe kwa utaratibu wa kitabu cha mota, lakini bodi haikukipokea. Nilipojaribu rimoti ya mkononi ambayo ilikuwa haijasajiliwa, iliipokea papo hapo. Kumbukumbu ya bodi basi haijajaa, na kitufe chake cha kusajili ni kizima.

Kuhusu taa, Mwalimu amegusa penyewe. Kuna taa ya LED juu ya nguzo, karibu kabisa na boksi la mota, ambayo iliwekwa baada ya majirani kulalamikia giza la kona yetu. Ikiwa imezimwa, rimoti inafungua geti nikiwa bado upande wa pili wa barabara. Ikiwa imewaka, inanibidi nisogee mpaka karibu niliguse geti. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba mke wangu, aliyekuwa ndani akisikiliza, alijua taa imezimwa lini bila kuambiwa.

Swali langu linabaki: kuna namna ya kuvitumia vitufe vya kiwandani kwenye geti la Njiro, au nikubali kwamba ni vya Moshi tu?

FundiGeti_Sakina

Namna ipo, na haihitaji kubadilisha bodi. Kitaa kinachowaka mfululizo kimethibitisha kwamba kitufe kimeinakili rimoti yako kama msimbo usiobadilika, kwa kuwa aina ya msimbo wa mota yenu haimo katika orodha kilichotoka nayo kiwandani. Mifumo hii ilibuniwa kwa kuzingatia milango ya gereji ya Marekani, kwa hiyo inazijua vizuri aina za kule, na nyingi za mota zinazoletwa kwetu haizijui. Hata ungerudia mafunzo kila siku, kitufe kisingejifunza ufunguo wa siri usiomo ndani yake.

Dawa ni kulipa geti sikio la pili. Tafuta risiva ndogo ya nje ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba inakubali mfumo wa vitufe vya pikipiki yako na kwamba hutumia msimbo unaobadilika. Kama kuna ya megahezi 433.92, chukua hiyo. Ya 390 ningeiepuka kabisa: hata Marekani kwenyewe, kuanzia mwaka 2004 hivi, milango ya gereji iliyo jirani na kambi za jeshi iligoma kufunguka pale redio mpya za kijeshi zilipowashwa katika masafa hayo. Mwulize pia muuzaji kama kifaa kimethibitishwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), kwani vifaa vya redio vinavyoingizwa nchini vinahitaji uthibitisho huo.

Kufunga ni kazi ya fundi mwenye multimita. Umeme wa TANESCO uzimwe kwanza kwenye swichi kuu ya geti, kisha nyaya za betri ya akiba zichomolewe, kwa sababu mota nyingi huendelea kuwa na uhai kupitia betri hiyo hata umeme ukikatika. Risiva ina nyaya mbili za kupokea umeme na mbili za rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Zile za umeme huungwa kwenye tundu la bodi linalotoa volti za vifaa vya ziada, ambalo kwa mota nyingi ni volti 12 au 24. Lipime kwanza, kwani maandishi ya kwenye kifuniko si ya kutegemea kwa asilimia mia. Zile za rilei huungwa kwenye tundu la amri ya kuanza na tundu la pamoja, palepale ambapo kitufe cha ukutani kingeungwa. Rilei hiyo inagusanisha tu, haipeleki umeme, na mtu asithubutu kupeleka volti kwenye tundu la amri, maana hapo ndipo bodi nyingi hufia.

Risiva nyingi zina kijipini cha kuchagua kama rilei iguse na kuachia au iguse na kubaki hapo. Chagua kugusa na kuachia. Ukikosea hapo, bodi itaona kitufe kimeshikiliwa muda wote, geti halitatii hata rimoti za mkononi, na utaletewa tena habari za kubadilisha bodi.

Ukiwa umefungua boksi, safisha ndani. Mijusi hutaga humo, na sisimizi hupenda kujikusanya kwenye sehemu zenye joto za bodi. Nimewahi kukuta mguso wa rilei umezibwa na sisimizi waliokauka, mwenye nyumba akiwa ameshabadilisha rimoti zote.

MwalimuUmeme_Rau (Moshi)

Nakubaliana na Fundi, na ninaongeza habari ya antena, ambayo mafundi wetu wengi huipuuza. Waya mwembamba unaotoka kwenye risiva ndiyo antena yenyewe, na urefu wake umepigiwa hesabu. Wimbi la megahezi 433.92 lina urefu wa sentimita 69, na robo yake ni sentimita 17 na kidogo. Waya huo usikatwe ili upendeze, usizungushwe kama kamba, wala usifungwe pamoja na nyaya za volti 230. Kama boksi ni la chuma, antena lazima itoke nje ya boksi, kwa sababu chuma huyazuia mawimbi yasifike ndani.

Ipo pia njia nyingine kwa msomaji ambaye pikipiki yake haina vitufe vya kiwandani, nayo ni kuichukua rimoti halisi ya ziada, iliyokwisha kusajiliwa, na kuiweka ndani ya pikipiki. Unatia lehemu nyaya mbili kwenye miguu ya kitufe chake, unazipeleka kwenye rilei ndogo, na rilei unaiendesha kwa swichi mpya isiyoingiza maji iliyo kwenye usukani. Hapo msimbo unaobadilika unabaki kuwa ule halali wa mota, kwa hiyo hakuna la kujifunza. Angalizo langu ni la umeme: pikipiki ikichaji, volti hupanda mpaka 14 na zaidi, wakati rimoti ya betri ya CR2032 inataka volti 3, hivyo ni lazima uweke kipunguza volti, au uiachie rimoti betri yake na kuibadilisha mara moja moja. Umeme wa rilei uchukuliwe baada ya swichi ya ufunguo, ili mpita njia asifungue geti lako kwa kubonyeza swichi ya pikipiki iliyoegeshwa sokoni.

KijanaWaMoshono

Asante, Mwalimu, nimejifunza. Mimi boda yangu ni ya kawaida, hiyo njia ya kutia lehemu rimoti ya ziada ndiyo nitakayoijaribu kwa geti la bosi wangu, akiridhia.

Mwanandia

Ndugu zangu, kazi imekamilika. Risiva imefungwa na fundi wa hapa hapa Njiro aliyekubali kuyasoma maelezo yenu kabla ya kushika bisibisi. Safari hii nilipokifundisha kitufe cha pili, kitaa kilipepesa haraka kisha kikatulia, kama Fundi alivyoeleza, na baada ya kukisajili kwenye risiva mpya geti likaanza kuondoka taratibu. Tulikuta waya wa antena ya mota wenyewe umeviringwa na kukazwa kwa vibano vya plastiki kwenye kebo ya umeme mkubwa. Tumeunyoosha na kuupandisha hadi juu ya kifuniko cha plastiki, na taa ya nguzo tumeiondoa, tukafunga nyingine mbali na mota. Sasa nikiwa ninapunguza mwendo kwenye kona, geti tayari linafunguka, usiku na mchana.

Limebaki jambo moja la usalama. Mota imewekwa ijifunge yenyewe baada ya muda. Kwa gari sina wasiwasi, lakini kwa pikipiki, ambayo ni nyembamba na wakati mwingine naisimamisha katikati ya geti ili kuangalia watoto, je, fotoseli (yale macho mawili yenye mwali unaozuia geti kujifunga kitu kikiukata) inatosha?

FundiGeti_Sakina

Hongera sana. Fotoseli inatosha ikiwa imewekwa kwa kimo kinachofaa. Nyingi nilizoziona zimefungwa chini mno, na mwali wake unaweza kupita kati ya tairi la mbele na injini au katikati ya spoku, mota ikadhani njia ni nyeupe. Simamisha pikipiki getini, mota ikiwa imezimwa, uone injini na tangi viko kwenye kimo gani, kisha fotoseli zote mbili zipandishwe mpaka mwali ukatwe na sehemu hizo pana. Kwa kuwa kuna watoto, ongeza jozi ya pili chini kwa ajili yao, na muda wa kujifunga urefushwe. Jaribu kwa kuweka boksi tupu la karatasi kwenye njia ya geti linapojifunga: likiguswa, geti lisimame na kurudi. Lisiporudi, nguvu ya mota imewekwa juu kupita kiasi, na hiyo irekebishwe kabla ya mtu yeyote kupita hapo kwa pikipiki.

Na siku utakapoiuza pikipiki hiyo, au ikilala gereji kwa fundi usiyemfahamu, shikilia vile vitufe viwili vya pembeni mpaka kumbukumbu ifutike. Ikiibiwa, futa kitufe hicho kwenye risiva ya Njiro siku hiyohiyo, na kwa mama Moshi badilisheni mpangilio wa vijiswichi kwenye risiva na kwenye kila rimoti.